Kipokezi Kilichoshindwa Kufuata: Voyager 2 na Kitanzi Kilichohamia Duniani

Tarehe 5 Aprili 1978 kompyuta ya chombo cha Voyager 2 ilijiamulia jambo. Chombo kilikuwa kimerushwa tarehe 20 Agosti 1977 na kilikuwa njiani kwenda Mshtarii. Kwa siku saba hakikuwa kimepata amri yoyote kutoka Duniani, na programu yake ilikuwa na kipima muda kwa ajili ya hali hiyohiyo: siku saba zikipita kimya, hesabu kwamba kipokezi kimekufa, hamia cha akiba. Kumbe kipokezi kikuu kilikuwa kizima. Wahandisi walikuwa wameshikwa na matatizo ya pacha wake, Voyager 1, na amri ambayo ingekirudisha kipima muda kwenye sifuri haikutumwa.

Kipokezi cha akiba kikawashwa. Amri zikatumwa, jibu hakuna. Saa 12 hivi baadaye programu ikarudi kwenye kipokezi kikuu, nacho kikafanya kazi kwa kiasi cha nusu saa kisha kikafa kweli, moja kwa moja. Ikabidi kungoja siku saba nyingine, maana chombo kisichosikia huwezi kukiamuru kibadilishe sikio. Tarehe 13 Aprili, kipokezi cha akiba kilipokuwa kimeshika zamu tena, amri ilitumwa kwa masafa yaliyokokotolewa kwa uangalifu mkubwa, ikapokelewa. Tangu hapo Voyager 2 imeishi na kipokezi hicho kimoja, kibovu.

Masimulizi mengi huishia kwenye sentensi moja, kwamba kapasita (kijenzi kinachotunza chaji ya umeme) ya kipokezi cha akiba iliharibika, kisha yanageukia kusifu werevu wa wahandisi wa JPL, maabara ya NASA huko California inayokiendesha chombo. Sifa wanastahili. Lakini kwa mtu anayeshughulika na osileta, yaani mzunguko wa umeme unaozalisha mawimbi ya masafa fulani, kisa hiki kina kitu adimu zaidi: osileta ileile, kwenye mzunguko uleule, ikiwa na kazi ileile, kwanza ikiwa ndani ya kitanzi kizima cha kufunga fezi (mzunguko unaoilazimisha osileta iende hatua kwa hatua na mawimbi mengine; fezi ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake), halafu ndani ya kitanzi kilichopoteza nguvu. Ukiwa na vifaa vyote mezani bado ni nadra kupata ulinganisho safi namna hiyo.

Kipokezi kilikuwa kinafukuzana na nini

Mawimbi ya amri kwenda Voyager 2 hurushwa kwa masafa ya MHz 2,113 na ushei. Kwa masafa hayo, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo kati ya kituo cha Duniani na chombo huhamisha masafa yanayopokelewa kwa Hz 7 hivi. Hesabu ni nyepesi: gawanya masafa kwa kasi ya mwanga. Sasa weka mwendo halisi. Dunia hulizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo katika mwaka mmoja masafa yanaweza kupanda na kushuka kwa kHz 210 kila upande, bila kuhesabu mwendo wa chombo chenyewe. Huo ni mhamo wa taratibu, na vituo vilikuwa na desturi ya kuchagua masafa ya kuanzia kwa kila kipindi cha mawasiliano. Wa kila siku ndio unaosumbua. Kituo kilicho kwenye latitudo ya nyuzi 35 hubebwa na mzunguko wa Dunia kwa mita 380 hivi kwa sekunde. Chombo kikichomoza upeo wa macho, kituo kinakikaribia. Kikizama, kituo kinakiacha. Tofauti kati ya kuchomoza na kuzama ni karibu kHz 5, na chombo kinapopita juu kabisa angani masafa huhama kwa kiasi cha Hz 0.2 kila sekunde.

Hz 0.2 kwa sekunde inaonekana si kitu. Iweke akilini, tutaihitaji.

Kwa upande wa pili kuna kelele. Mawimbi yanayofika kwenye chombo kilicho mbali hivyo ni hafifu mno, na nguvu ya kelele huongezeka sawia na upana wa masafa unaoufungua. Ukifungua mlango wa kHz 100 ili mawimbi yasikuponyoke, kelele itaingia pamoja nayo na kuyameza. Ukiubana hadi makumi ya Hz, unayasikia vizuri, ila mawimbi yenyewe yatatoka nje ya mlango muda si mrefu. Haja hizi mbili zinavutana, na kitanzi cha kufunga fezi, ambacho mafundi karibu wote hukiita PLL, ndicho kinachozipatanisha. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko safari za anga za juu. Mfaransa Henri de Bellescize alilichapisha mwaka 1932.

Ndani ya kipokezi kuna osileta ya fuwele ya kwatzi ambayo masafa yake yanaweza kusogezwa kwa volteji. Kilinganishi hupima tofauti ya fezi kati ya mawimbi yanayoingia na ya osileta. Tofauti hiyo hutoka kama volteji, hupita kwenye kichujio, kisha inaisukuma osileta upande unaopunguza tofauti. Kitanzi kikishika, masafa ya osileta yanakuwa sawasawa na ya mawimbi yanayoingia. Si karibu sawa, ni sawasawa, na kinachobaki ni kosa dogo la fezi. Mlango mwembamba basi unatembea pamoja na mawimbi.

Kapasita inafanya nini hasa

Hapa ndipo inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa watu wengi huchukulia kichujio cha kitanzi kama mapambo ya kuondoa mikwaruzo kwenye volteji. Kapasita ya kichujio ni kumbukumbu. Inalimbikiza kosa dogo la fezi kwa muda mrefu mpaka volteji yake itoshe kuishikilia osileta kHz nyingi mbali na masafa yake ya asili, na ikishafika hapo kilinganishi hakihitaji kusukuma tena. Kosa la fezi linarudi karibu na sifuri huku volteji ya kapasita ikibaki palepale. Kwa sababu hiyo kitanzi cha namna hii kinaweza kuwa chembamba kwa kelele na bado kufuata kwa upana mkubwa.

Ondoa kumbukumbu hiyo, kinachobaki kuisukuma osileta ni volteji ya kilinganishi peke yake kwa wakati ule. Volteji hiyo ina kikomo, kwa sababu kosa la fezi haliwezi kupita robo ya duara kabla kilinganishi hakijaanza kusukuma upande usiofaa. Kitanzi bado kinashika, ila kwenye ukanda mdogo mno kuzunguka masafa ya asili ya osileta. Kwa Voyager 2 ukanda huo ulipungua kwa takriban mara 1,000: kutoka kHz 100 hivi hadi Hz 100 hivi.

Rudi sasa kwenye ile Hz 0.2 kwa sekunde. Ukanda wa Hz 100 unavukwa kwa sekunde 500, yaani dakika nane na kidogo. Kituo kikirusha masafa yasiyobadilika, hata kama yalianza mahali panapofaa kabisa, mzunguko wa Dunia peke yake utayatoa nje ya kipokezi kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Hii ndiyo maana amri za mwanzo zilipotea. Kipokezi cha akiba hakikuwa kiziwi, kama inavyosimuliwa mara nyingi. Kilikuwa kinasikia vizuri, lakini kwenye uzi mmoja mwembamba, na hakuna aliyejua uzi umelala wapi.

Osileta ikiwa uchi

Masafa ya asili ya osileta nayo hayakutulia. Kipimo kilichotangazwa ni kwamba joto la kipokezi likibadilika kwa nyuzi 0.25 tu za Selsiasi, masafa yake huhama kwa Hz 96, yaani karibu ukanda mzima.

Msomaji wa haraka atasema: osileta mbovu hiyo. Tufanye hesabu kwanza. Hz 96 katika MHz 2,113 ni sehemu 4.5 kwa milioni mia. Kwa nyuzi moja nzima inakuwa sehemu 0.18 kwa milioni. Hiyo ni osileta nzuri! Osileta ya koili na kapasita isiyofidiwa huhama kwa makumi ya sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kwenye masafa haya, robo ya nyuzi ingeipeleka kHz kumi au zaidi mbali. Fuwele ya Voyager 2 haikubadilika tabia siku kapasita ilipokufa. Ilikuwa inahama vilevile tangu iliporushwa, na pengine tangu ilipokuwa maabara, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kujali.

Ndiyo hoja yangu kuhusu kisa hiki chote. Kitanzi hakiifanyi osileta kuwa tulivu. Kinauchukua mhamo wake na kuuhifadhi mahali pengine, kwenye volteji ya kuongozea, ambako kipima masafa hakiuoni. Ukitaka kuushuhudia kwenye kifaa chochote chenye PLL, acha kuhangaika na masafa yanayotoka. Weka kipima volteji kwenye waya unaoiongoza osileta, chenye upinzani mkubwa wa kuingilia ili kisiinyonye kapasita, halafu pasha kifaa joto taratibu. Masafa yatasimama kama yamepigwa misumari huku volteji ikipanda au kushuka hatua kwa hatua. Mchoro wa volteji hiyo ndio mchoro wa joto wa osileta yenyewe. Siku volteji itakapogonga ukingo wa kile ambacho chanzo cha umeme kinaweza kutoa, kitanzi kitaachia ghafla, na mtu aliyekuwa akitazama masafa peke yake ataapa kwamba hakukuwa na dalili.

Nitoke nje ya njia kidogo: ukipima masafa ya kifaa chenye PLL kwa kipima masafa kinachotumia rejeo lilelile la MHz 10 (rejeo ni mawimbi ya kulinganishia ambayo kitanzi hufungwa kwayo), tarakimu zote zitasimama hadi ya mwisho na hujathibitisha lolote. Rejeo likihama, vyote viwili vinahama pamoja. Nimeona ripoti nzuri tu za upimaji zilizokwama hapo.

Kuna jambo la muda pia. Kipokezi cha Voyager 2 bila nguvu ya kitanzi hakikuwa hovyo kwa kila kipimo. Ndani ya sekunde chache kilikuwa kimetulia vya kutosha kushika mawimbi na kusoma amri bila kukosea. Tatizo lilionekana kwenye dakika na saa, pale joto linapopata nafasi. Ndiyo maana swali la kama osileta ni tulivu halijibiki mpaka useme kwa muda gani, na kipimo cha utulivu alichokitoa mwanafizikia Mmarekani David Allan mwaka 1966 huchorwa dhidi ya muda badala ya kutoa namba moja. Kitanzi kizima nacho kina mpaka wake: kwa mabadiliko ya polepole kuliko upana wa kitanzi, utulivu ni wa rejeo, kwa mabadiliko ya haraka zaidi, osileta ya ndani inajitegemea. Ndani ya mpaka huo rejeo huleta mazuri yake na mabaya yake pia. Ukikuza MHz 10 hadi MHz 2,113, kelele ya fezi ya rejeo, yaani mtikisiko mdogo wa fezi yake, hupanda kwa dB 46 na ushei. Anayefunga osileta safi ya fuwele kwenye rejeo chafu kwa kitanzi kipana ameiharibu, hata kama masafa yake ya wastani sasa ni sahihi zaidi.

Kitanzi kikahamia Duniani

Suluhisho la JPL lilikuwa kukifanya kipokezi kisihitaji kufuata. Kama chombo kinasikia kwenye uzi mmoja tu, basi Dunia irushe masafa ambayo, yakishapotoshwa na mwendo wote ule, yatafika yakiwa yamelala juu ya uzi huo na kubaki hapo. Masafa ya transmita yakawa yanapandishwa na kushushwa na kompyuta wakati wa kurusha, kinyume cha mhamo wa Doppler uliotarajiwa, yaani ule unaoletwa na mwendo. Kwa upande wa mizunguko ya sayari na chombo, hesabu hizo zinajulikana kwa usahihi mkubwa. Saa za atomu za vituo nazo si kikwazo: sehemu moja kwa trilioni kumi kwenye MHz 2,113 ni Hz 0.0002. Upande wa Dunia ulikuwa na usahihi wa kugawa na kusaza.

Ugumu ulikuwa kujua masafa ya asili ya osileta iliyo ndani ya sanduku mamia ya mamilioni ya kilomita mbali, na baadaye mabilioni, likiwa na joto lake. Walichofanya ni kurusha masafa kwa ngazi, hatua ndogondogo, kisha kungoja taarifa za chombo zioneshe ni kwenye ngazi ipi kipokezi kilishika. Ukiangalia vizuri, hicho ni kitanzi kilekile: linganisha, pima kosa, sahihisha. Kilinganishi sasa kiko California, na kumbukumbu iliyokuwa kwenye kapasita iko kwenye jedwali la wahandisi.

Ila kitanzi hiki kina ucheleweshaji. Voyager 2 ilipopita Neptuni tarehe 25 Agosti 1989, mawimbi yalichukua saa 4 na dakika 6 kwenda upande mmoja. Sahihisho linalotokana na kosa la zaidi ya saa nane zilizopita linaweza kuwa limeshapitwa na wakati kabla halijafika, na yeyote aliyewahi kubuni mfumo wa mrejesho anajua ucheleweshaji hufanya nini kwa uthabiti. Kwa hiyo haikutosha kusahihisha, ilibidi kutabiri. Wakajenga mfano wa joto la chombo: transmita ikipandishwa nguvu kipokezi kitapata joto kiasi gani na baada ya muda gani, kifaa fulani kikizimwa kitapoa kiasi gani, hita ikiwashwa je. Kila amri ya kuwasha kitu ikawa pia amri ya kuhamisha masafa ya amri itakayofuata. Baada ya mabadiliko makubwa ya joto walijiwekea muda wa kutotuma chochote mpaka osileta itulie, na amri muhimu ilirudiwa kwa masafa tofauti ili angalau moja iangukie kwenye uzi. Pia walipakia ndani ya chombo ratiba ya akiba, ili kipokezi kikifa kabisa, chombo kijiendeshe na kurusha angalau sehemu ya matokeo.

Kwa mbinu hii Voyager 2 ilipita Mshtarii mwaka 1979, Zohali mwaka 1981, Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Mbili za mwisho hakuna chombo kingine kilichozifikia mpaka leo.

Masafa ya kurudi

Kuna upande wa pili wa kisa ambao hutajwa mara chache. Chombo kikiwa kimeshika mawimbi ya Dunia, hayo hayo ndiyo yanayozaa masafa ya kurudi: MHz 2,113.3125 huzidishwa kwa 880 na kugawanywa kwa 221, yanatoka MHz 8,415 kamili. Yaani transmita iliyo mbali hivyo huazima utulivu wa saa ya atomu iliyo kituoni, na kituo kinaweza kupima kasi ya chombo kwa usahihi ambao fuwele ya chombo isingeuruhusu. Kitanzi kilichovunjika hakikuua jambo hili, mradi Dunia iyaweke mawimbi juu ya uzi, ila hesabu za kasi sasa zilibidi ziondoe kwanza upandishaji na ushushaji ambao kituo chenyewe kiliuingiza.

Na zipo saa ambazo hata kitanzi kizima hukitaki. Chombo kinapopita nyuma ya sayari, wanasayansi husoma angahewa yake kwa jinsi inavyopinda na kuchelewesha mawimbi. Hapo kutegemea mawimbi kutoka Duniani kungemaanisha kuyapitisha kwenye angahewa hiyo mara mbili, kuyapoteza yakizibwa, na kupoteza muda kuyashika upya upande wa pili. Kwa kazi hiyo Voyager ilibeba osileta nyingine ya kwatzi yenye utulivu wa hali ya juu, isiyofungwa kwenye kitu chochote, iliyowekwa ndani ya kijioko kinacholinda joto lake. Kwa muda wa dakika chache hadi saa, fuwele iliyoachwa huru ndani ya joto lisilobadilika ilikuwa chaguo bora kuliko kitanzi kilichofungwa kwenye saa bora Duniani. Ninaitaja kwa sababu mjadala wa PLL mara nyingi huendeshwa kama vile kufunga ni hatua ya juu na kuacha huru ni ya chini. Chombo hiki kilikuwa na vyote viwili na kilichagua kulingana na kazi.

Kipokezi kibovu bado kinafanya kazi. Kwa kuwa chombo kimeelekea kusini, antena ya mita 70 iliyo karibu na Canberra, Australia, ndiyo pekee inayoweza kukitumia amri. Julai 2023 amri iliyokosewa iligeuza antena ya chombo kwa nyuzi 2 kutoka Duniani, na mawasiliano yakakatika; mwanzoni mwa Agosti kituo hicho kilirusha amri kwa nguvu kubwa, kikangoja kwa saa 37, na chombo kikajibu. Nguvu pekee isingetosha kama masafa yangekosea kwa Hz mia chache.

Umeme wa chombo hupungua kwa wati 4 hivi kila mwaka, na vifaa na hita vinazimwa kimoja baada ya kingine ili kuubana. Kila kinachozimwa kinapunguza joto karibu na ile fuwele, na jedwali la masafa linakokotolewa upya.